Mguu wa Shemeji Masatu

Hotuba yangu ya kustaafu mliikata katikati ili watu wale, na mlifanya vizuri, kwa sababu wali ulikuwa unapoa na Mwenyekiti alishaanza kuangalia masufuria. Lakini nilikuwa sijamaliza. Nyinyi mnaotunza uwanja leo, mnaokata nyasi kwa mashine na kubishana kuhusu mbolea, mmeniuliza mara nyingi habari za Masatu, mwalimu wenu wa kwanza wa gofu, yule ambaye picha yake imetundikwa ukumbini akiwa na tabasamu ambalo sisi wa nyumbani hatujawahi kuliona. Basi nawaandikia. Mambo ya vyeo nitayaruka, maana nilipandishwa mara moja tu, na cheo hicho nilipewa pamoja na ufagio mpya.

Kazi niliianza nikiwa msichana, uwanja ukiwa bado ule wa zamani wa mashimo tisa kandokando ya ziwa. Asubuhi ya kwanza nilitoka Mwisenge kwa miguu nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu niliambiwa naenda kufanya kazi klabuni nami nikadhani nitakaa kwenye kiti. Mzee Mafuru, msimamizi wa uwanja, aliviangalia vile viatu, akaniangalia na mimi, kisha akasema niviweke juu ya kabati la stoo mbuzi wasije wakavitafuna. Nilipovua akanikabidhi koleo. Hiyo ndiyo semina elekezi niliyopata.

Nyinyi wa grini za nyasi hamjui brauni, na msione haya. Wakati ule nyasi laini za kuzunguka shimo hazikuwezekana Musoma, kwa kuwa zinataka maji kila siku. Ziwa lilikuwa pale pale linatutazama, ila pampu ndiyo haikuwepo. Kwa hiyo kuzunguka kila shimo tulitengeneza duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini, tukalishindilia mpaka likawa jeusi na bapa kama sakafu iliyosiribwa vizuri. Hilo ndilo brauni. Mzee Mafuru alinifundisha kulipima kwa mkono. Unachota mchanga, unafinya. Ukibaki na umbo la ngumi yako na kiganja kikawa kikavu, umepatia. Ukimomonyoka, ongeza oili. Kiganja kiking'aa, umezidisha, na mchezaji atarudi kwake na soksi nyeusi, halafu mkewe ndiye atakayekuja kukutafuta. Alikuja mmoja kweli, na sikupenda alivyonifokea.

Pembeni ya kila brauni kulikuwa na bomba fupi lililoviringishiwa gunia. Tuliliita buruta. Mpira wako ukishaingia kwenye duara, unachukua buruta, unalivuta kutoka mpira ulipo mpaka shimoni ili ujisawazishie njia, ndipo unasukuma mpira. Hiyo haikuwa hila. Ilikuwa kanuni ya viwanja vyote vya mchanga, na asiyeburuta alionekana mchafu. Wavivu wa kuinama walitumia mguu tu: wanapitisha soli juu ya mchanga, mara moja kwenda, mara moja kurudi, kisha wanacheza. Hakuna aliyewauliza.

Mvivu mkuu alikuwa Masatu. Huyu alimwoa dada yangu Nyabise, kwa hiyo ni shemeji yangu, na kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema, ruhusa ambayo nitaitumia mpaka mwisho wa ukurasa. Alianza kama kedi, mbeba mfuko wa fimbo wa mameneja wa jinari za pamba, akajifunza kwa kuangalia makosa yao, na makosa yalikuwa mengi, kwa hiyo alijifunza haraka. Nilipoanza kazi mimi, yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha, na alikuwa na cheti cha mchezaji wa kulipwa. Alikuwa mrefu, mkavu, anacheza na viatu vya matairi. Mpira aliupiga bila haraka yoyote, utadhani anaukumbusha kitu. Kila fundi wa nje aliyepita Musoma alicheza naye, akaondoka anatikisa kichwa. Kuna mmoja kutoka Nairobi aliyeshindwa kwenye shimo lile la kwenye miamba: mpira wa Masatu uligonga jiwe, ukaruka juu, ukaangukia kwenye brauni kando ya shimo. Masatu alisema alililenga lile jiwe. Mpaka leo anasema alililenga.

Baada ya vita vitu vikaanza kupotea madukani. Wakubwa wenu wamewasimulia foleni za sabuni, za sukari na za unga wa njano, nami zote nilizipanga. Ila nadhani ni mimi peke yangu Mara nzima niliyepanga foleni ya uchafu. Oili chafu, ambayo zamani watu walitubembeleza tuichukue, ilianza kuchujwa na kurudishwa kwenye injini. Nilikuwa napanda lori mpaka Bunda, nakaa nje ya karakana ya jinari na dumu langu, na fundi wa pale ananiambia nisubiri, kwa sababu mbele yangu kuna mwenye trekta, mwenye mashine ya kusaga na padri. Nikirudi na nusu dumu, Mzee Mafuru alilipokea kwa mikono miwili. Mipira nayo ilikwisha. Tulicheza na mipira iliyochanika, tukaitafuta kwenye matete kama watu wanaotafuta mayai ya kanga.

Ni katikati ya dhiki hiyo chama cha gofu kikaitisha mashindano ya wachezaji wa kulipwa, Dar es Salaam. Kedi wa Masatu alikuwa ameshakwenda kuvua, kwa hiyo mfuko nikaubeba mimi. Klabu ilitafuta mwanamume ikamkosa, na mimi mabega ya koleo nilikuwa nayo. Tulipanda treni Mwanza. Tulipofika na kuiona grini ya nyasi kwa mara ya kwanza, tulisimama nje ya ukingo wake, kila mmoja anasubiri mwenzake atangulie kuikanyaga. Masatu aliniuliza kwa sauti ya chini kama wenyewe wanavua viatu.

Alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Siku ya mwisho jina lake lilikuwa juu kabisa ya ubao, na watu wakaanza kutufuata shimo kwa shimo. Sasa, katika gofu kila mchezaji anaandikiwa mapigo yake na mwenzake, kisha mwenye kadi anahakiki na kutia sahihi. Aliyemwandikia Masatu alikuwa bwana mmoja mnene mwenye kofia nyeupe, mpole, anatabasamu kila shimo. Alitabasamu mpaka Masatu alipotia sahihi. Hapo ndipo alipowageukia waamuzi na kuwaambia kwamba huyu bwana, kila akifika kwenye grini, anasawazisha njia ya mpira kwa mguu.

Kwenye nyasi hilo ni kosa. Unaongezewa mapigo mawili kila unapolifanya, na ukitia sahihi kadi isiyo na mapigo hayo, umekwisha. Waamuzi walimuuliza Masatu kama ni kweli. Alidhani wanamsifu kwa usafi. Akawajibu, tena kwa kujivuna kidogo: "Ndiyo, kila shimo. Sisi Musoma ndivyo tunafanyaga."

Jina lake likafutwa ubaoni kwa kitambaa kibichi, watu wote wakiona, na cheti chake kikachukuliwa. Mtu mmoja nyuma yetu akasema, "Kwaheri, Fagio," na kicheko kikaenda mpaka kwenye ngazi za ukumbi. Mimi ule mguu niliuona muda wote, lakini kwangu ulikuwa kama kumwona mtu ananawa kabla ya kula. Nililia kwenye treni. Masatu hakulia. Alivua viatu vya matairi, akaviangalia soli, akavivaa tena.

Jina la Fagio lilifika Musoma kabla yetu, sijui lilipanda nini. Klabuni walimtania siku mbili tatu wakachoka, maana wenyewe walikuwa wanaburuza miguu vilevile. Sokoni Nyakato ndiko hawakuchoka. Dada yangu aliuza dagaa pale, na wateja wakawa wanamwita Mama Fagio, wanamuuliza kama leo ameleta ya chelewa au ya makuti. Alijibu kwa utani mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alifunga meza yake, wakahamia Butiama kwa mama yake Masatu, si mbali na Mwitongo kwa Baba wa Taifa, wakalima mihogo na mtama. Fimbo ziliwekwa darini. Nilikuwa nakwenda kuwaona, na neno gofu halikutajwa ndani ya nyumba ile, kama vile kuna mgonjwa.

Uwanjani tukabaki mimi, Mzee Mafuru na ng'ombe za watu. Tuliendelea kufagia brauni ambazo hakuna aliyezichezea. Msinicheke. Mzee alisema brauni ikiachwa majira mawili ya mvua inarudi kuwa mchanga wa kawaida, na hatakubali ife mikononi mwake. Mvua ikinyesha alikuwa ananitoa stoo tusimame nje na miavuli mibovu tuangalie maji yanapoelekea. Alidai ardhi haina siri kwa mtu aliyeiona ikinyeshewa. Niliona ni uzee. Alipofariki nilimlilia kuliko nilivyotegemea, na kesho yake nikafagia duara zote tisa peke yangu, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukaa matanga.

Kisha ruksa ya kuagiza bidhaa nje ikaingia. Kwanza zilikuja sabuni za rangi, halafu mitumba, halafu viwanda vya minofu ya sangara, na sangara wakaleta watu ambao hatujawahi kuwaona. Mmoja wao alikuwa Bwana Karim, meneja wa kiwanda, mtu mfupi mwenye haraka ambaye hata salamu anaikata katikati. Alikuja na mfuko wa gofu nyuma ya pikapu, akanikuta nafagia.

"Mama, unamfagilia nani?"

Nikamwambia, "Wewe hapo. Umechelewa tu."

Alicheka, akacheza mashimo tisa, na ndani ya mwaka mmoja klabu ikafufuka. Wakanunua pampu, ila nyasi za grini zilikuwa bado hazijapandwa. Wakatafuta mwalimu. Kulikuwa na fundi Nairobi aliyekuwa tayari kuja, lakini nilimwambia Bwana Karim kwamba mwalimu wa Musoma yupo, anapalilia mihogo Butiama. Aliposikia jina akaguna. Habari ya Fagio alishaisikia, huko huko Nairobi, mezani. Akatoa sharti lake. Chama kimeandaa mashindano Arusha, na watakaomaliza katika ishirini wa kwanza watapewa cheti. Masatu akirudi na cheti, kazi ni yake. Asiporudi nacho, wa Nairobi anapanda basi.

Nilimkuta shemeji anaanika mihogo kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Ameshaota mvi. Nilimweleza yote, naye akaendelea kupanga vipande vya mihogo vizuri kabisa, kimoja kimoja, mtu ambaye alikuwa hawezi kupanga hata viatu vyake.

"Shemeji, mimi hayo mambo nilishaachaga," akasema. "Mihogo hainicheki."

Nyabise alikuwa mlangoni, anasikia. Aliingia ndani, tukasikia ngazi inaburutwa, na akatoka na ule mfuko wa fimbo umejaa vumbi na kinyesi cha popo. Akautupa juu ya mihogo.

"Mihogo haikucheki wewe. Mimi je? Kila nikienda mnadani naitwa Mama Fagio. Wajukuu nao wataitwa hivyo? Nenda ukamalize hiyo kitu. Na safari hii nakwenda na mimi. Mtu akicheka, nataka nimwone usoni."

Masatu aliniangalia mimi, kama kwamba nina uwezo wowote mbele ya dada yangu. Nilimsaidia kuokota mihogo.

Tatizo halikuwa kupiga mpira. Siku ya kwanza kurudi uwanjani aliupiga kwa mtindo ule ule wa kuukumbusha kitu, nami nikaondoka kidogo nikajifanya natafuta koleo, kwa sababu machozi yalinijia. Tatizo lilikuwa mguu. Na brauni zetu zisingemfundisha, kwani pale mguu ulikuwa nyumbani. Nyasi iliyokatwa ikakatika Musoma nzima ilikuwa sehemu moja, kwenye bustani ya masista. Nilikwenda kuomba. Sista Mkuu alisikiliza habari ya mguu mwanzo mpaka mwisho bila kucheka, akauliza kama mchezo huo una matusi, nikasema inategemea mchezaji, akakubali.

Tukafukia kopo la maziwa kwenye nyasi likawa shimo letu. Kila jioni Masatu alisukuma mpira pale, na kila jioni, kabla hajasukuma, ule mguu wa kulia ulitoka wenyewe kwenda kufagia. Aliuahidi, aliukemea, akaapa mbele ya masista. Ulitoka tu. Sista mmoja mzee aliyekuwa anafuma pale barazani akawa anakohoa kila anapouona unanyanyuka, na Masatu akazoea kikohozi, akawa anasubiri kikohozi ndipo anaurudisha. Nikamwambia Arusha hatutakwenda na sista.

Dawa niliipata Bunda, kwenye mitumba. Chini ya rundo la makoti kulikuwa na viatu halisi vya gofu, vya ngozi, vyenye meno ya chuma kwenye soli, na muuzaji alidhani ni vya kupandia minazi. Vilimbana Masatu kidoleni, lakini jioni ya kwanza alipojaribu kuburuza mguu, meno yaling'ang'ania nyasi na mwalimu wenu akaenda chini kifudifudi mbele ya masista sita. Aliinuka, akafuta pua. Alijaribu tena kesho yake, akaanguka tena. Kufikia mwisho wa mwezi mguu ulikuwa umeelewa. Mimi nawaambia, kuna watu hawafundishiki kwa maneno.

Kuhusu miteremko ya grini nilimsaidia mimi. Brauni ni bapa, kwa hiyo Masatu alikuwa anasukuma mpira moja kwa moja kama anayepeleka ujumbe. Grini ina tumbo na mabonde. Arusha, kila tulipofika kwenye shimo, nilimwambia afikirie mvua imenyesha hapa sasa hivi, maji yangekwenda wapi. Nilikuwa naona kabisa. Nikimwonyesha kwa kidole, mpira ukienda yalikokwenda maji, nilikuwa namkumbuka Mzee Mafuru na mwavuli wake, na nilitamani angekuwepo anisikie nikikubali.

Yalikuwa mashindano ya siku tatu. Nyabise alitufuata nje ya kamba kila shimo, amevaa kitenge chake cha harusi za watu, anaangalia nyuso za watazamaji badala ya mpira. Wachache walishamtambua Masatu, na jina la Fagio likasikika siku ya kwanza. Dada yangu alimwendea aliyelitamka, akasimama mbele yake, akamwangalia tu mpaka yule bwana akaamua kwenda kunywa soda. Siku ya pili halikusikika.

Siku ya tatu, kufika shimo la mwisho, nafasi ya ishirini ilikuwa imebaki kati ya watu wawili, na wote wawili walikuwa wanacheza pamoja, mmoja anamwandikia mwenzake. Mmoja ni Masatu. Wa pili alikuwa kijana anaitwa Kulwa, katoka uwanja mwingine wa mchanga huku huku kwetu kanda ya ziwa, amevaa raba. Mapigo yao yalikuwa sawasawa. Masatu alitangulia. Alisukuma mpira wake, ukashuka vizuri, ukafika mdomoni mwa shimo na ukakaa pale pale. Akaumalizia kwa pigo moja zaidi. Sasa Kulwa akiingiza, nafasi ni yake. Akikosa, watarudia shimo.

Mpira wa Kulwa haukuwa mbali. Lakini njiani kulikuwa na alama za meno ya viatu vya wachezaji waliotangulia, nyasi zimesimama kama nywele za mtu aliyeamka. Mnajua kwamba wakati ule kanuni ilikuwa huruhusiwi kuzigusa. Kulwa aliinama, akaangalia njia, akasimama. Kisha nikaona kitu ninachokifahamu kuliko uso wangu. Nikaona raba yake ya kulia inanyanyuka kutoka kwenye nyasi, taratibu, yenyewe, na ncha yake inageukia njia.

Masatu ndiye aliyekuwa na kadi yake mkononi. Hakutakiwa kufanya chochote ila kusimama. Mguu ukishuka, mapigo mawili, cheti kinakwenda Butiama. Nami niliyefua soksi za mtu huyu mwezi mzima nilibana mdomo, na moyoni nilikuwa nasema: fagia, baba, fagia.

"Kijana, mguu," Masatu akasema. "Usishushe hapo. Rudisha nyuma ulikoutoa."

Ilikuwa sauti ya mwalimu, si kubwa, lakini uwanja mzima uliisikia. Kulwa aliganda na mguu mmoja juu. Mwamuzi alisogea, akaangalia nyasi, akaona haijaguswa, akaashiria mchezo uendelee. Kulwa aliurudisha mguu kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Jasho lilimtoka. Akakaa muda, akasukuma mpira, ukapita juu ya zile alama zote, ukaruka kidogo, ukaingia.

Masatu alimaliza wa ishirini na moja. Alihakiki kadi yake, akatia sahihi, akampa Kulwa mkono, akarudi kwangu na kunikabidhi fimbo. Nilikuwa na hasira ambayo, kama mfuko usingekuwa begani, ningempiga nayo.

Bwana Karim alikuwepo. Alikuja Arusha kwa mambo yake ya minofu, akasimama kwenye kamba ile ile shimo la mwisho, nasi hatukujua. Alitufuata kwenye maegesho. Nilianza kumweleza kwamba ilibaki kidogo tu, akanikata katikati kama kawaida yake. Alisema cheti kitaombwa tena mwakani, na kweli mwaka uliofuata Masatu alikipata, nacho mnakiona ukutani. Lakini yule fundi wa Nairobi angempigia simu kesho kumwambia asihangaike. Alikuwa anatafuta mwalimu, akasema, na mtu wa kuwaonya wanafunzi kabla hawajakosea ameshamwona. Akamuuliza Masatu anaweza kuanza lini. Masatu akajibu aulizwe mke wake, mihogo bado iko mwambani. Nyabise akasema Jumatatu.

Basi la kurudi lilipita mbugani. Nyabise alikaa katikati yetu na kapu lake mapajani, maana jamaa zetu wa Arusha walitukaangia kuku wa safari. Watu wote walikuwa upande wa pili wa basi wanaangalia tembo. Hasira yangu haikuwa imeisha, kazi au bila kazi, na nikaona bora niitoe tungali njiani.

"Shemeji, hebu niambie ukweli. Yule mtoto wa watu anakuhusu nini? Ungenyamaza tu. Wewe walikunyamazia."

Alikuwa anasugua kile kidole kilichobanwa na kiatu.

"Mke wake alikuwa pale kwenye kamba," akasema. "Hukumwona? Amebeba mtoto mgongoni. Alikuwa anamwangaliaga tu yeye."

Dada yangu aliangalia dirishani kwa muda mrefu, upande ambao hakukuwa na tembo. Kisha akafungua kapu, akachambua zile nyama, akatafuta firigisi, akampa mumewe mkononi. Mimi, niliyebeba mfuko siku zote tatu, nikapewa shingo.